Fundi mwanamke ukibaguliwa kazini: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Naandika hii kwa sababu meseji zimekuwa nyingi na maswali ni yale yale, nimeona bora niyaweke sehemu moja mtu asome mwenyewe. Mimi ni fundi umeme, nimesoma chuo cha ufundi, nimefanya kazi saiti miaka mingi hapa Dar. Sio mwanasheria. Ila sheria hizi nimezisoma kifungu kwa kifungu baada ya kukutwa na yangu, nitaeleza hapo chini. Kesi nyingi nitakazozitaja ni za Marekani na Kanada, moja ya Uingereza, kwa sababu huko mafundi wanawake walishaenda mahakamani zamani na hukumu ziko wazi yeyote anaweza kuzisoma, halafu naunganisha na sheria zetu za Tanzania na Kenya maana hizo ndo utakazozitumia.

Hakuna mtu aliyeniambia "hapa hatuchukui wanawake". Sasa nitasemaje nimebaguliwa?

Karibu hakuna anayekwambia hivyo, dada. Mimi saiti yangu ya kwanza tuliingia wanne siku moja, chuo kimoja, cheti kimoja, wavulana watatu na mimi. Wiki ya kwanza wenzangu wamepewa tindo na nyundo wanachimba ukuta, wiki ya pili wanavuta waya, mwezi haujaisha mmoja wao anafunga DB, lile sanduku la kugawa umeme. Mimi niko stoo nahesabu soketi na kuandika nani kachukua roli ngapi za waya. Fomeni alikuwa mtu mpole kabisa, ananiita binti yangu, anasema ananionea huruma na jua lile. Miezi minane hiyo. Ilipofika wakati wa kupandisha watu wakasema mimi sina uzoefu wa kufunga, na kweli sikuwa nao, ningeutoa wapi? Niliumia sana. Na kilichoniuma zaidi baadaye ni kwamba sikuandika tarehe hata moja, wala nani alinipanga stoo, wala nilimwomba nani anitoe, kwa hiyo nilipoenda kuulizia haki yangu sikuwa na kitu mkononi zaidi ya machozi.

Sasa sheria haidai mtu akutamkie. Tanzania ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua "moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja", na imetaja jinsi, jinsia, ujauzito na hali ya ndoa kwa majina. Kenya ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, nayo inasema hivyo hivyo, moja kwa moja au la, na juu yake kuna ibara ya 27 ya Katiba ya 2010. Na haihusu kufukuzwa tu. Inahusu tangazo la kazi, usaili, nani anapelekwa mafunzo, nani anapandishwa, nani analipwa nini. Kwa hiyo fomeni kukuweka stoo kila siku wakati wenzako wanajifunza kazi ni jambo la kisheria, sio jambo la kuvumilia tu.

Hiyo "isiyo ya moja kwa moja" ndo ipi hasa?

Ni pale sharti linaonekana la wote lakini ukiangalia linawachuja wanawake, na kazi yenyewe hata hailihitaji.

Mfano ninaoupenda ni wa reli ya CN kule Montreal, Kanada. Kikundi cha akina mama kinaitwa Action Travail des Femmes kilipeleka malalamiko 1979. Kwenye kazi za mikono za reli eneo lile wanawake walikuwa asilimia 0.7, yaani kwenye watu 100 hata mmoja kamili hafiki. Reli ilikuwa haijaandika popote kwamba wanawake wasije. Ila ukienda kuomba kazi kuna mtihani wa ufahamu wa mashine unaitwa Bennett, maswali ya gia na makapi ambayo anayafaulu vizuri aliyekua anachezea mashine toka mdogo. Kuna sharti la uzoefu wa kuchomelea, hata kwa kazi za kuanzia ambazo hutashika mashine ya kuchomelea. Na wanawake walikuwa wanapewa jaribio la kunyanyua kiatu cha breki ya treni kwa mkono mmoja, wakati wanaume hawalazimishwi jaribio hilo. Ukiliangalia kila moja peke yake unaweza kusema aah ni utaratibu tu wa kazi. Ukiyaweka pamoja ndo unaona ukuta.

Mwaka 1984 baraza la haki za binadamu likaamuru mtihani huo uachwe, na majaribio ya nguvu yasiyowahusu wanaume yaachwe, na sharti la kuchomelea liondoke kwenye kazi za kuanzia, isipokuwa nafasi za uanagenzi. Halafu likaongeza kitu kikubwa: kwenye kila watu wanne wanaoajiriwa kazi zile angalau mmoja awe mwanamke, mpaka wafike asilimia 13. Reli ikakata rufaa, ikashinda rufaa ya kwanza, kisha Mahakama ya Juu ya Kanada tarehe 25 Juni 1987 ikarudisha agizo lote. Mimi nikisoma ile hukumu naona mtu ameelewa saiti ilivyo, kwamba mwanamke mmoja kati ya wanaume mia hawezi kuwa na raha, lazima wafike idadi fulani ndo wale wanaokuja nyuma waone ni kawaida.

Nimesikia kuna kesi ya ovaroli. Ni kweli?

Ni kweli, na ndo kesi ninayoisimulia kila nikipewa nafasi, kwa hiyo nivumilieni hapa nitakaa kidogo.

Diane Joyce alikuwa California, kaunti ya Santa Clara, idara ya usafiri na barabara. Alianza 1970 kama karani wa hesabu. 1974 ikatangazwa nafasi ya mtu wa kupanga magari, vifaa na vikosi vinavyotoka kwenda kutengeneza barabara, akaomba, akaambiwa huna sifa kwa sababu hujawahi kufanya kazi ya barabarani yenyewe. Wengi tungeishia hapo. Yeye 1975 akatoka ofisini akaingia barabarani kwenye ukarabati, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo pale. Miaka minne.

Wenzake wanaume wakapewa ovaroli, yeye hakupewa. Nguo zake zikaharibika. Akalalamika kwa mdomo mara kadhaa, hamna kitu. Akaandika malalamiko rasmi. Kesho yake akaletewa ovaroli nne.

Nne! Kumbe zilikuwepo siku zote.

Desemba 1979 ile nafasi ya kupanga magari ikatangazwa tena. Wakaomba watu 12, tisa wakaonekana wana sifa wakafanyiwa usaili, saba wakavuka alama 70. Paul Johnson akapata 75, Joyce akapata 73. Ukaja usaili wa pili na jopo la wasimamizi watatu, na kwenye hao watatu mmoja ndo yule bosi wa enzi za ovaroli, mwingine alishawahi kupishana naye kwenye kamati ya usalama na alimwelezea kuwa ni mchochezi mvaa sketi. Joyce alikuwa amewaambia mapema kabisa siku yuko huru, zikapita kama siku kumi hajapangiwa. Alipomwambia aliyekuwa anapanga usaili kwamba wiki inayofuata siku fulani ana darasa la kujiandaa na majanga, ndani ya siku moja mbili akaletewa barua ya usaili, na saa iliyopangwa ni katikati ya darasa hilo hilo.

Hakusubiri matokeo. Kabla ya usaili ule alipiga simu ofisi ya kaunti inayoshughulikia usawa wa ajira, akawaambia naogopa sitapimwa kwa haki. Jopo kweli likampendekeza Johnson. Lakini mkurugenzi wa idara, James Graebner, alipoletewa picha nzima akampa Joyce. Na picha nzima ilikuwa hivi: kazi za ufundi stadi kwenye idara ile zilikuwa 238 na mwanamke hakuwepo hata mmoja. Sifuri kati ya 238, wakati kwenye soko la ajira la eneo lile wanawake walikuwa zaidi ya theluthi.

Aliyekwenda mahakamani ni Johnson, akidai amebaguliwa yeye kwa kuwa mwanaume. Akashinda mahakama ya kwanza, akashindwa rufaa, na tarehe 25 Machi 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba idara haikukosea, kumhesabia mwanamke jinsia yake kama kitu kimoja kati ya vingi pale ambapo wanawake wamekosekana kabisa sio kosa.

Wengi wanaisimulia hii kesi kama habari ya alama mbili. Mimi naiona ni habari ya ovaroli. Kama asingeandika yale malalamiko, miaka kumi baadaye majaji wangejuaje kwamba aliyekaa kwenye jopo alishamnyima vifaa vya kazi? Walijua kwa sababu karatasi ilikuwepo.

Je, choo kinaweza kuwa kesi? Saiti yetu choo ni kimoja na hakiingiliki.

Kinaweza, na kimeshakuwa. Tennessee, Marekani, 1979, kwenye ujenzi wa kituo cha umeme cha mamlaka inaitwa TVA kulikuwa na dada mwanagenzi wa useremala. Vyoo vya saiti vilikuwa vile vya kuhamishika, vichafu, mara nyingi karatasi hakuna au imelowa. Akaanza kubana mkojo, akaugua maambukizi ya njia ya mkojo, daktari akamwambia asibane. Akawa anaenda kutumia vyoo safi vya ndani ya jengo la mitambo, ambavyo mafundi wa ujenzi walikatazwa. Akafukuzwa kwa kukaidi amri.

Mwajiri akajitetea kwamba vyoo vichafu vilikuwa vya wote wanaume na wanawake, ubaguzi uko wapi. Mahakama ya rufaa 1987 ikasema hapana, uchafu ni ule ule lakini madhara sio yale yale, mwili wa mwanamke unaumia zaidi na hali ile, kwa hiyo ni ubaguzi. Hii hukumu mimi niliisoma mara mbili kwa sababu ndo maisha yetu haya, kuna wasichana hawanywi maji toka asubuhi mpaka jioni juani kwa kuogopa choo cha saiti, wanaumwa figo wakiwa na miaka ishirini na kitu, halafu wanaonekana wao ndo dhaifu.

Kwetu una njia mbili. Unaweza kudai kama ubaguzi, na pia sheria za usalama na afya mahali pa kazi (Tanzania ya 2003, Kenya ya 2007) zinamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na safi, na wakaguzi wa serikali wa usalama kazini (Tanzania ni OSHA) wanaweza kuja. Piga picha choo, iwe na tarehe.

Nikipata mimba bosi anaweza kunitoa kwenye kazi ya hatari "kwa faida ya mtoto"?

Kuna tofauti kati ya kukulinda wewe mjamzito na kuwafungia wanawake wote mlango kwa kisingizio cha mimba ambayo haipo.

Marekani kampuni ya kutengeneza betri, Johnson Controls, mwaka 1982 iliweka amri kwamba mwanamke yeyote asifanye kazi zenye risasi (yale madini ya kwenye betri, lead, sio ya bunduki), isipokuwa alete cheti cha daktari kwamba hawezi kuzaa. Mmoja alifungwa kizazi ili asipoteze kazi. Mwingine alikuwa na miaka 50 akahamishwa akapoteza malipo. Na mwanaume aliyeomba apumzishwe ili risasi ipungue mwilini kwa sababu anataka mtoto alikataliwa, ingawa risasi inamdhuru na mwanaume. Machi 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema amri ile ni ubaguzi, uamuzi wa kuzaa ni wa mzazi sio wa bosi.

Hapa Tanzania mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inapowezekana anatakiwa ampe kazi nyingine kwa masharti yasiyopungua. Soma hapo mwisho vizuri: yasiyopungua. Akikuhamisha na mshahara ukashuka, hiyo sio huruma. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, Kenya ni miezi mitatu.

Wananilipa kama saidia fundi wakati nafanya kazi ya fundi.

Hili swali wanaume nao wanaliuliza, ila kwetu limezidi. Kenya sheria inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Tanzania ibara ya 23 ya Katiba inasema kila mtu bila ubaguzi wa aina yoyote anastahili ujira unaolingana na kazi yake. Angalia neno thamani. Sio lazima kazi yako na yake zifanane kila kitu.

Uingereza 1968 akina mama 187 walioshona viti vya magari kiwanda cha Ford Dagenham waligoma wiki tatu. Kazi yao ilikuwa imewekwa daraja la wasio na ujuzi, na hata kwenye daraja hilo walikuwa wanapata asilimia 85 ya wanachopata wanaume. Wakapandishiwa mpaka 92, na mgomo ule ukachangia kuzaliwa kwa sheria ya malipo sawa ya 1970. Lakini kilichowatoa mtaani tangu mwanzo, kutambuliwa kwamba kushona vile ni ujuzi, walikipata 1984 baada ya kugoma tena. Miaka 16 kusubiri neno "fundi".

Mimi ni kibarua, sina mkataba wa maandishi. Sheria inanihusu?

Inakuhusu. Usikubali kudanganywa hapa.

Tanzania kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuhesabu mwajiriwa hata kama hakuna karatasi, ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: unaelekezwa na mtu namna ya kufanya, anakupangia saa, anakupa vifaa, umefanya kwake wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, na kadhalika. Kenya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kibarua aliyefanya siku mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mmoja, au kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, anaanza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa kawaida. Kwa hiyo tunza meseji za M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) za malipo, picha yako ukiwa saiti, kadi ya geti, majina ya mliofanya nao.

Na kama hujaajiriwa kabisa, umeomba ukakataliwa? Tanzania kile kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamhesabu hata mwombaji kazi.

Nani anatakiwa kuthibitisha? Maana wao ndo wana mafaili yote.

Hapa sheria zetu zimetuhurumia kweli. Tanzania wewe unatakiwa uonyeshe mazingira ya awali tu ya ubaguzi, ukifanikiwa mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndo athibitishe kwamba haikutokea au haikutokana na jinsia yako. Kenya nako mwajiri ndo anabeba mzigo wa kuonyesha ubaguzi haukuwepo.

Mazingira ya awali yanajengwa na vitu vidogo. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Tarehe, saa, nani, alisema nini, nani alisikia, wenzako siku hiyo walipangwa wapi na wewe wapi. Andika siku hiyo hiyo, sio baada ya mwezi. Ukiomba kitu omba kwa meseji, hata ukiwa umeshaomba kwa mdomo, tuma wasapu: "Shikamoo bosi, nakumbushia ombi langu la leo asubuhi la kuhamia kwenye kuvuta waya." Akijibu sawa, asipojibu pia sawa. Skrinishoti mtumie dada yako au rafiki nje ya kazi, simu zinaibiwa.

Nina muda gani wa kulalamika?

Soma hili hata kama umeruka mengine yote, kwa sababu hapa ndo wengi wanapotelea.

Tanzania unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama umefukuzwa, ni siku 30. Kama ni mgogoro mwingine, ikiwemo ubaguzi ukiwa bado kazini, ni siku 60 toka jambo lilipotokea. Siku hizo zinaisha kabla hujamaliza kulia na kuomba ushauri kwa mashangazi. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampa mwajiri, unaipeleka CMA ukiwa na uthibitisho kwamba mwajiri ameipokea. Kwanza mnasuluhishwa, siku 30, ikishindikana inakwenda kuamuliwa. Asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ndani ya wiki sita. Ukichelewa unaweza kuomba kuruhusiwa nje ya muda, ila utatakiwa utoe sababu ya maana, na "nilikuwa naogopa" mara nyingi haitoshi.

Kenya ni miaka mitatu kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na kama ni madhara yanayoendelea ni miezi 12 toka yalipokoma. Unaweza pia kuanzia kwa afisa kazi wa kaunti.

Fomeni ananitongoza, nikikataa ananipa kazi mbaya.

Pole sana mdogo wangu. Tanzania unyanyasaji kazini sheria inauhesabu kuwa ni aina ya ubaguzi. Kenya kifungu cha 6 kinataja unyanyasaji wa kingono waziwazi, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi juu ya hilo, iombe, na kama hawana andika kwamba hawana.

Na sio lazima iwe habari ya mapenzi. Kule Iowa kulikuwa na wanawake watatu wakielekeza magari kwenye ujenzi wa barabara, wanaume wa kikosi wakamkojolea mmoja wao kwenye chupa ya maji na kwenye tangi la mafuta la gari lake, na wakawanyima gari wasiende mjini kujisaidia. Mahakama ya rufaa 1988 ikasema hata yale yasiyo ya kingono yanahesabika, ilimradi wanafanyiwa kwa sababu ni wanawake. Kwa hiyo wakikufichia testa kila asubuhi, wakikukatia ngazi, wakikuachia nyaya hai makusudi, iandike yote. Hiyo ya nyaya hai ripoti siku hiyo hiyo, ni roho yako.

Mume wangu anauliza: mkipewa nafasi maalumu, wanaume si ndo wanabaguliwa?

Mwambie shemeji swali lake ni la Johnson na lilishafika mahakama ya juu kabisa. Na sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zinasema hatua za kuinua walioachwa nyuma sio ubaguzi, na pia kuchagua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe kweli inaihitaji sio ubaguzi. Mwajiri anaruhusiwa kutaka fundi anayeweza kubeba ngazi ndefu. Ila ampime kila mtu, na ngazi iwe ile inayobebwa kazini.

Marekani 1978, baada ya wanawake kuishtaki wizara ya kazi, kuliwekwa lengo kwamba wakandarasi wa serikali kuu wafikishe asilimia 6.9 ya wanawake kwenye ujenzi ndani ya miaka mitatu. Mpaka leo wanawake kwenye kazi za ujenzi huko ni kama 4 kwa 100, na Januari 2025 amri ya rais iliyobeba malengo yale imefutwa. Nawaambia hivi ili muone kwamba lengo lisilo na mtu wa kulisimamia linabaki karatasi. Kule Montreal ilikuwa amri ya mmoja kwa kila wanne, inahesabika.

Nikishtaki si watanifukuza?

Wanaweza kujaribu. Lakini kufukuzwa kwa kudai haki yako ya kisheria sio sababu halali Tanzania, wala ujauzito, na Kenya kifungu cha 46 kinasema kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri sio sababu ya haki ya kumwachisha mtu, labda ithibitike yalikuwa ya ovyo yasiyo na msingi. Kwa hiyo wakikufukuza baada ya kulalamika unakuwa na madai mawili badala ya moja.

Usiende peke yako lakini. Kama kuna chama, jiunge kabla ya shida, kwa ujenzi, nishati na migodi Tanzania kuna TAMICO. CMA unaruhusiwa kuwakilishwa na chama, wakili au mtu uliyemchagua. Msaada wa kisheria bure ulizia TAWLA, WLAC au LHRC, Kenya FIDA na Kituo cha Sheria. Nenda na daftari lako, watakuheshimu zaidi na watakusaidia haraka zaidi.

Na ukishinda, unarudije kufanya kazi na watu wale wale?

Nimeulizwa hili na binti mmoja anayechomelea, na nilikaa kimya kwanza. Sio rahisi. Wapo wanaolipwa fidia wakaondoka, na sitawalaumu. Joyce alikaa. Alipewa nafasi 1980, kesi imeisha 1987, miaka yote hiyo katikati kila asubuhi alikuwa anaenda kupanga magari na vikosi vya wanaume huku nchi nzima inabishana kama anastahili kiti kile.

Mimi ile saiti ya stoo niliondoka. Saiti iliyofuata, siku ya kwanza kabisa, nilimwomba fomeni kwa meseji anipange kuvuta waya, akajibu "njoo na tindo yako". Ile meseji ninayo mpaka leo.